Jina Lililozuia Udongo wa Kyandili

Pa! Mlio mmoja mkavu, kama chungu kinachopasuka mekoni, ulimwamsha Syombua kabla jogoo hajawika. Alisikiliza. Haukurudi tena. Mtoto alinyonya kidogo, akalala. Kumbe shamba lilikuwa limejibandua kwenye mwamba, lakini hilo Syombua alilijua kulipokucha.

Wakati huo udongo wote wa nchi ile uliishi juu ya kilima cha Kyandili. Ulikuwa wa aina moja, wa kahawia, mwororo kama unga. Chini uwandani na mtoni palikuwa na mawe matupu. Tena udongo ulikuwa na miguu. Mchana ulitulia ukalimwa. Jua likizama ulitaka kwenda zake, kama ng'ombe aliyenusa majani ya mbali. Kwa hiyo kila jioni mzee wa boma, baba mkwe wake Syombua, alisimama ukingoni mwa shamba akauita. Udongo ulikuwa na jina, na mzee alipozaliwa alipewa jina hilo hilo. Ukilisikia, ulilala; usipolisikia ukaondoka, hata jua halikuusimamisha.

Msimu ule mzee aliugua koo, sauti ikamkauka kabisa, na jioni moja udongo haukuitwa. Wanaume walikuwa malishoni, mbali, na Mutinda mume wa Syombua alikuwa pamoja nao. Nyumbani walibaki mgonjwa, wanawake wawili na mtoto mchanga. Mbegu ya mwisho ya mtama ilikuwa imeshapandwa. Ghalani hapakuwa na punje.

Asubuhi ya ule mlio Syombua alitoka na jembe, mtoto mgongoni, akakuta sehemu ya juu ya shamba imegeuka mwamba. Udongo ulikuwa unateremka polepole, mtama ukiwa tumboni mwake.

"Mama! Shamba linaondoka!"

Kalondu, mama mkwe wake, alitoka nje huku akijifunga ngozi yake kiunoni. "Basi liite!"

"Niliite mimi?"

Kwa watu wale, mke wa mwana hakulitaja jina la baba mkwe wake, hata ndotoni. Mke naye hakulitaja la mumewe. Mtoto wa Syombua alikuwa amepewa jina la babu yake, na kwa sababu hiyo mama yake mwenyewe hakuwahi kumwita ila "mzee wangu."

"Liite wewe, mama. Wewe umezeeka naye."

"Nimezeeka naye nikimwita baba Mutinda! Leo nimtaje kwa jina, tena mbele ya mkwe? Si meno yatanidondoka?"

"Kwani yamebaki mangapi, mama?"

Kalondu alicheka bila kupenda. Kisha akaona mwamba mwingine umechomoza, kicheko kikamkatika.

Wakajaribu njia za kando. "Baba Mutinda!" akaita Kalondu. "Mwenye boma!" akaita Syombua. Udongo haukugeuka. Kalondu akakimbilia kwa mgonjwa, akarudi akihema.

"Amekunyooshea wewe kidole."

"Amesemaje?"

"Atasemaje na koo lile? Amekunyooshea kidole tu."

"Labda anataka maji."

"Maji yako kando yake, Syombua!"

Walipokuwa wakibishana hivyo, jua lilipanda, na udongo ukaanza kuachana njiani. Chembe nyepesi, zisizoshikana hata mbili, zilitangulia mbio zikafika mtoni. Udongo mzito, unaonata, ulijikokota hadi uwandani. Uliobaki mlimani ulikuwa ule wa wastani, na wenyewe ulikuwa ukipita chini ya nyayo za Syombua, na mtama wote ndani yake.

Na tangu siku hiyo udongo wa nchi ile ni wa aina tatu. Wa mtoni ni kichanga. Jina lilipoitwa hatimaye, ulikuwa umeshafika mbali, haukulisikia hata kidogo. Ndiyo maana ukiumwagia maji unayaacha yapite, kama mtu asiye na habari. Karanga na viazi vitamu huuvumilia. Wa uwandani ulisikia nusu. Ulilala kwenye maji ya mvua hadi ukawa mweusi, na masika hung'ang'ania jembe na miguu ya mlimaji. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mkono, kwa kuwa unafungua vinywa kuomba jina lirudiwe. Wa mlimani ulilisikia vizuri, ukasimama, ukabaki mwekundu kwa joto la safari iliyokatizwa. Huo huyanywa maji, na huyatunza bila kuyafungia.

Ndiyo maana hadi leo hakuna anayepanda pale kabla ya kuuliza. Huchota udongo kiganjani, huulowesha, huuviringisha kwa vidole. Ukivunjika-vunjika, ulifika mtoni. Ukitoa kamba ndefu inayopinda bila kukatika, ni wa uwandani. Ukitoa kamba fupi inayokatika kwa upole, huo haukuondoka nyumbani. Hapo ndipo mbegu huchaguliwa. Na wake wa wana bado hawalitaji jina la baba mkwe, ila shambani tu, wakiwa na udongo mkononi. Huko hawaulizwi.

Lakini asubuhi ile ruhusa hiyo haikuwepo. Syombua alihisi ardhi ikimponyoka chini ya vidole vya miguu. Aliinama, akachota konzi moja, akaona humo punje ya mtama iliyoanza kuchipua, nyeupe, ndogo kama jino la kwanza la mtoto. Aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Kalondu alifunika masikio kwa viganja vyote viwili, kisha akaitikia kwa kichwa kumwambia aseme.

Syombua akavuta pumzi, akapaza sauti hadi mtoto akashtuka mgongoni:

"Ngumbau!"