Umanjano na Somo Yake

Paukwa!

Pakawa!

Jina likiitwa, wakaitika wawili, mwenyewe ni yupi?

Swali hilo Mzee Hondohondo aliwauliza ndege wenzake barazani.

Hapo zamani za kale, juu ya mkuyu mmoja mkubwa, aliishi Umanjano: manjano mwili mzima, kichwa cheusi kama aliyejitanda ukaya, ule mtandio mweusi. Masika yakikaribia, tufani ikamtupa mgeni tawini kwake. Naye manjano, naye ana weusi, na alipoulizwa jina akasema, "Kwetu ng'ambo naitwa Umanjano."

"Mwizi!" Kunguru akadakia. "Jina la watu hilo!"

Mgeni alikuwa na yai tumboni, na mbawa zimemwishia nguvu. Chini ya mkuyu nguchiro walikuwa wakinusanusa.

"Nipeni tawi moja tu, wenzangu. Nitage."

Hondohondo, mkuu wa baraza, akakohoa. "Apimwe kwanza."

Wakampima mdomo: umechongoka kama sindano. "Si wa ukoo!"

Wakampima wimbo: hauna ule mluzi wa maji yakimiminwa mtungini. "Si wa ukoo!"

Wakampima kiota: Umanjano hutundika kikombe, mgeni hushona mfuko mrefu unaoning'inia. "Si wa ukoo!"

"Umanjano, mwanangu," akasema Hondohondo, "mkane, tumfukuze, jina libaki lako. Ukimkubali, utahama mkuyu huu pamoja naye."

Umanjano alilipenda jina lake. Mama yake alilibeba, bibi yake alilibeba. Akamtazama mgeni: anatetemeka, kabana mkia yai lisimponyoke.

"Mzee Hondo, shikamoo yako nilikupa asubuhi, sasa nisikilize. Mmepima mdomo, mmepima wimbo, mmepima kiota. Baridi yake nani kaipima? Si ndugu yangu, mmethibitisha, hongereni! Lakini tunaitwa jina moja. Huyu ni somo yangu. Tangu lini somo akafukuzwa mlangoni? Ewe Kunguru, somo yako akija, humpi tonge la kwanza?"

Kunguru akajikuna shingo. "Nampa. Hata akinikera."

"Basi huyu akiliwa na nguchiro, limeliwa jina langu. Nifukuzeni, tutashuka pamoja."

Hondohondo akageuka, akarukia tawi la juu.

"Leo mzee kakosa hoja!" akacheka Chiriku kutoka nyuma.

Mvua ikaanza. Hapakuwa na wakati wa kushona mfuko. Umanjano akatoka kiotani mwake.

"Ingia, somo."

"Na wewe je?"

"Mimi nimejitanda ukaya, huoni? Taga."

Akataga. Umanjano akamfunika kwa bawa, akalowa yeye, hata mvua ikakatika. Ndipo Hondohondo akaja na kuyu bivu mdomoni, akaliweka ukingoni mwa kiota, akaondoka zake.

Hadithi yangu imetua hapo. Nawe uliye karibu na moto, tafadhali sogea kidogo; huyo nyuma yako anasikia baridi.