Sweta la Mama na Steringi Asiyekufa

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya majini wala wafalme. Ni zamani hii ya juzi, watu walipokuwa wakitembea na flashi shingoni kama hirizi. Sogeeni. Anayetafuna karanga atafune polepole, maana mimi sirudii.

Huko Lushoto mwezi wa saba ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Unaamka, humwoni aliyelala kitanda cha pili, unadhani bado unaota. Katika nyumba moja ya huko waliishi ndugu wanne na baba yao, Mzee Shekilindi. Mkubwa Mbelwa, wa pili Hizza, wa tatu Mwajabu, binti wa miaka kumi na minane, na kitindamimba Zaina. Mama yao alifariki mwezi wa kumi na mbili. Tangu siku ya mazishi, Mwajabu hakusema neno. Alikula, alifua, aliitikia kwa kichwa, lakini sauti hakuna. Na huyo ndiye aliyekuwa mwongeaji wa nyumba!

Mama aliacha sweta la sufu, la kijani, alilolifuma mwenyewe. Bado lilikuwa na harufu yake, moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Kila mtoto alilitaka, na si kwa sababu ya baridi. Walimtaka mama. Baba akalifungia kabatini, akasema, "Atakayemfanya Mwajabu aseme, sweta la mama yenu ni lake. Nimeapa."

Sasa, Mwajabu alipenda nini? Tamthilia za mapigano! Zile ndefu, za mapanga na farasi, watu wanaruka juu ya mapaa, steringi, yaani shujaa mkuu, hafi kamwe, na kila sehemu inakatikia pabaya. Zamani yeye na mama walizitazama kutwa nzima, chakula kinaungua jikoni. Basi Mbelwa akasema, "Likizo hii tutakaa naye tutazame mfululizo, asubuhi mpaka jioni, siku tatu." Lakini flashi yao ilikuwa ndogo, ikibeba tamthilia moja imejaa. Ilibidi kuchagua.

Baba akawaonya, "Leteni mnayotaka. Ila yenye mama ndani yake sitaki kuiona humu. Mtaniulia mtoto."

Mbelwa akateremka kwa miguu hadi Soni, mvua inamnyeshea, mpaka kwenye kibanda cha kurushia filamu kwenye flashi. Akasimama pale akionja mwanzo wa kila tamthilia. Ya polisi, hapana. Ya majambazi, hapana. Akaonja nane, mwenye kibanda ameshaanza kununa. Ya tisa ikafunguka: mwanamke wa makamo, mtoto mgongoni, panga mkononi, anapambana na jeshi zima. Mbelwa akanyoosha kidole.

"Hii hii," akasema.

"Ni ya Kichina, kaka, na haijatafsiriwa."

"Weka hivyo hivyo."

Siku ya kwanza, baba yuko nje na jembe lake, wakajifunika blanketi moja mbele ya runinga. Hizza akauliza, "Mtu haelewi, atatazama nini?" Akajifanya mtafsiri. Kichina chenyewe hakijui hata salamu! Alitunga. Yule mwanamke akifungua mdomo, Hizza anasema, "Leo mtanitambua!" Zaina akaleta chai na viazi vitamu. Wakala, hakuna aliyesema ahsante. Mwajabu akatazama. Kimya.

Siku ya pili Hizza sauti imekwaruza, bado anatafsiri. Zaina akaleta chai na viazi vitamu. Wakala, hakuna aliyesema ahsante. Mwajabu akatazama. Kimya.

Siku ya tatu ukungu ukaingia mpaka sebuleni. Haki ya Mungu, hawakujua tena ukungu wa kwenye runinga unaishia wapi na wa kwao unaanzia wapi. Farasi walipita polepole, weupe, na macho ya Mwajabu yalikuwa nusu yamelala. Mara yule mama akapigwa mshale kifuani. Akayumba. Akaporomoka gengeni, mtoto aliyemshusha mgongoni amebaki juu analia.

Hizza, kwa uchovu tu, akasema, "Amekufa. Basi, imeisha hiyo."

Papo hapo Zaina akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwani mimi mjakazi wenu? Siku tatu napika peke yangu!" Akachomoa waya ukutani. Runinga ikazima.

Ndipo ikatoka sauti chini ya blanketi.

"Washa! Yule mama ndiye steringi, hafi!"

Wote wakageuka. Mwajabu mwenyewe akaushika mdomo wake, akashangaa. Kisha akaangua kilio, "Mbona wa kwetu alikufa?" Wakamkumbatia, wakalia wote, kilio cha miezi saba.

Baba aliisikia sauti ile kutoka nje, akatupa jembe, akaingia mbio. Alipomaliza kulia naye, akafungua kabati, akalitoa sweta. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Mbelwa akasema, "Langu hilo. Amesema 'yule mama.' Nani aliyemleta yule mama? Tungetazama polisi, angekuwa bubu mpaka leo."

Hizza akasema, sauti imekauka, "Langu hilo. Amesema 'hafi.' Alikuwa akinibishia mimi! Siku tatu nimeongea peke yangu mpaka nikapata wa kunijibu."

Zaina akasema, "Aka! Neno la kwanza lilikuwa 'washa.' Nani alizima?"

"Ulizima kwa hasira zako!" Hizza akamrukia.

"Nawe ulidanganya kwa uvivu wako. Na kaka alimkaidi baba waziwazi. Mwenye mkono safi humu ni nani?"

Baba akatikisa kichwa. "Ni kweli nilikataza."

Mwajabu akapangusa kamasi. "Na mimi je? Miezi saba mnanizungumzia kama meza. Hakuna aliyeingiza mkono kooni mwangu akaitoa ile sauti. Neno lilinikaba, nikalisukuma mwenyewe, na liliniuma. Baba, uliapa kumpa atakayemfanya Mwajabu aseme. Aliyemfanya ni Mwajabu."

Ebo! Mzee wa watu akabaki amesimama na sweta, amelikumbatia kama kwamba naye hataki litoke mkononi. Watoto wanne wamenyoosha mikono. Na lile ni la kufuma, ukilitia mkasi linafumuka lote.

Msinitazame mimi, mimi nimemaliza kazi yangu. Nyinyi mnaojua kuhukumu ya wenzenu, haya hukumuni: je, baba amvishe nani?