Kwa Nini Mwenye Shida Huanza na Salamu

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe Elinaja acha kumfinya mwenzako. Leo nawaambia kwa nini mtu wa huku akija kuomba kitu huuliza kwanza habari za nyumbani, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Hapo kale, huku kwetu milimani, kuomba hakukuwapo. Mtu alisimama mlangoni kwa jirani akasema, "Nipe kinu," akapewa, akaenda zake. "Nipe shoka." "Nipe chumvi." Hakuna aliyechukia, kwa kuwa hakuna aliyejua namna nyingine. Walikuwa watu wema, ila wakavu kupita kiasi.

Basi mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikakataa kukatika. Kuni zikalowa, meko yakazimika nyumba baada ya nyumba, ukabaki moto mmoja tu, wa bibi kizee Namkunda aliyeishi peke yake juu kilimani.

Asubuhi moja mke wa Mrutu akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa wa baridi, midomo imeanza kubadilika rangi, na ndani hakuna hata cheche. Mrutu, jitu la miraba minne, akapanda kilima mbio, akasimama mlangoni kwa Namkunda.

"Nipe moto."

"Sitoi," akajibu bibi bila kugeuka.

Maskini Mrutu! Hajawahi kunyimwa kitu maishani. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile bibi ni kiziwi, akajibiwa vilevile. Akaingia ndani auchukue kwa nguvu.

Hapo ndipo alipomwona vizuri. Paa lilikuwa linavuja juu ya meko, na Namkunda ameukingia moto jani la mgomba kwa mikono miwili. Angeliachia jani achukue kaa la kumpa mtu, maji yangeumaliza moto wote.

Mrutu akaona haya, akachuchumaa. "Mama," akasema taratibu, "umeamkaje?"

Namkunda akageuka. Watu wengi walishafika pale kudai moto, na hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Sijalala, mwanangu. Mikono imekufa ganzi."

Mrutu akampokea jani. Bibi akakaa chini, akawa anasugua viganja vyake. "Na kwako, hawajambo?"

"Tumepata mtoto, mama. Ana baridi sana. Naomba moto." Neno hilo, hata yeye hakujua limetoka wapi.

"Mtoto! Na muda wote unanipigia kelele za nipe, nipe!" Bibi akatia makaa kwenye kigae, akayafunika majivu, akashika tena jani lake. "Kimbia, baba!"

Mtoto akapata joto, akalia kwa hasira mpaka mama yake akacheka huku machozi yanamtoka. Mchana ule ule Mrutu akapanda tena kilima na mzigo wa nyasi, akaliziba paa la Namkunda.

Na tangu siku hiyo, mtu wa huku hataji shida yake kabla hajaijua ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nikienda nanyi kuazima ungo, msinivute kanga mkisema bibi anachelewa na maneno. Nauliza habari za watoto, nauliza za mifugo, na wakati huo naangalia mikono ya mwenzangu imeshika nini.