Fundi Aliyefunga Siku ya Idi

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, walio nyuma nao wapate kivuli. Nitawapigia mfano wa fundi mmoja wa magodoro. Msimtafute mtaani, hayupo.

Fundi huyu alikuwa mgane, na binti zake wameolewa mbali. Furaha yake ilikuwa moja tu: sinia. Mnalijua sinia la shughuli, watu watano duara, kila mmoja anakula mbele yake. Fundi hakukosa harusi wala hitima, na mizaha yake ndiyo iliyokuwa chachandu ya wali.

Basi ikamshika kiu, maji hayamtoshi, akakonda. Akaenda zahanati. Muuguzi akamwambia, "Mzee wangu, una kisukari. Hakiponi, ila utaishi nacho. Wali punguza, halua acha. Na ukishameza vidonge hivi, usikae na njaa."

Fundi akaona aibu. Aibu ya nini? Kwani aliiba? Lakini aliona aibu. Aliogopa asije akawekewa kijisahani chake kando, mgonjwa peke yake. Harusi iliyofuata, walipomwita siniani, mdomo ukamponyoka: "Nimefunga."

Wakasema mashallah. Shughuli ya pili, amefunga. Ya tatu, amefunga. Miezi minane ikapita, sifa zimeenea mtaa mzima: fundi amekuwa mcha Mungu! Wakamwomba awaombee dua. Hata kumwita wakaacha, wasije wakamtia majaribuni. Naye akawa anarudi kwake, anachemsha ndizi mbili, anakula akiutazama ukuta. Alikuwa mpweke, jamani, mpweke kweli kweli, na njia ya kutoka kwenye uongo wake hakuiona.

Ikaja Idi. Nani anafunga siku ya Idi? Ni haramu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Fundi akaswali, akachepuka, akarudi kwake na kurudishia mlango. Vidonge alikwisha meza tangu alfajiri. Lakini kuwasha jiko siku ya Idi, apike cha mtu mmoja? Moyo ulimkatalia. Akalala, huku akisikia watu wanapeana mikono ya Idi barabarani.

Mara hodi. Ni jirani yake muuza mkaa, mwenzake wa sinia tangu zamani. "Fundi! Toka, chakula kinapoa! Leo hutuambii umefunga!"

Akausukuma mlango, akamkuta kitandani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Muuza mkaa hakupiga kelele. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kipande cha sukari guru, akamtia kinywani. "Tafuna. Taratibu. Sukari imekushuka."

Nguvu zilipomrudia kidogo, fundi akauliza, "Umejuaje?"

"Huu mwaka wa saba nami ninacho kisukari."

"Na siku zote hizo tukila sinia moja?"

"Mimi nilikuwa nakula samaki na mchicha, wali nausukumia upande wako. Ulidhani nakupenda sana?"

Fundi akacheka, kisha akalia. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia?"

Kisha muuza mkaa akamshika mkono, wakaenda siniani.

Alipona? Hakupona. Vidonge anameza hadi leo. Lakini katika harusi iliyofuata alimwona mtu amesimama pembeni, kiuno kimepungua, mkanda umekazwa hadi tundu la mwisho. Wakamwita. Yule mtu akasema, "Nimefunga."

Wenzake wakasema mashallah. Fundi akainuka, akamsogelea na kumnong'oneza, "Nami nilifunga hivyo hivyo miezi minane. Njoo ukae hapa. Upande huu tunakula samaki."

Ndugu zangu, wangapi humu ndani "wamefunga"? Tunamwombea mgonjwa shifaa, na tuombe, Mola ndiye mponyaji. Lakini fundi hakuondolewa ugonjwa. Alipewa jicho, na kwa jicho hilo akamwona mtu ambaye sisi wazima tulimpita tukimsifu. Wewe uliyepewa karatasi ya daktari ukaificha chini ya godoro, huenda kuna mwenzio anakusubiri useme ili naye aseme.

Na sisi wengine? Sala ikiisha, masinia yako uani. Kabla hujanawa mikono, tazama nani hayupo. Mfuate kwake. Ukikuta mlango umerudishiwa, usukume.