Pazia la Hilali

Pazia la wivu humwita mgeni. Nimeyasema hayo asubuhi hii Idi alipomnyang'anya mchumba wake simu mbele za watu, eti aone nani kampigia, na nyinyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Sasa mnataka mjue msemo huu umetoka wapi. Haya, nitawaeleza ulikozaliwa, lakini mikono isisimame. Harusi ni kesho na mchele bado una mawe. Wewe Rehema, hilo ulilolipitisha ni jiwe, nakuona.

Hapahapa Ujiji, katika mtaa ulio nyuma ya soko, aliishi mfanyabiashara wa mawese aliyeitwa Hilali. Alikuwa mtu wa kazi, mkarimu, wala msikitini hakosi. Maradhi yake yalikuwa wivu. Sisemi ule wivu mdogo ambao kila mwenye mke anao, huo ni chumvi, kidogo chake hakiharibu mchuzi. Wivu wa Hilali ulimkosesha usingizi na kumtoa mezani chakula kikiwa bado cha moto. Mkewe Mwavita alikuwa mchangamfu, kicheko chake kinasikika nyumba ya tatu. Kicheko hicho ndicho kilichomvuta Hilali akamposa, na alipokwisha kumwoa ndicho kilichomtesa.

Talaka mbili zilikwisha kumtoka kinywani. Ya kwanza aliitoa kwa kuwa Mwavita alicheka na muuza vitenge mlangoni, ya pili kwa kuwa mtu mmoja alimsifia harusini. Mara zote mbili alijuta jua halijazama, akaenda kwa wakwe kuomba radhi, akamrejea mkewe. Sasa ilibaki moja, na sheria mnaijua: ya tatu ikitoka, ndoa imekwisha. Hilali aliijua pia. Hata hivyo kila alipokasirika aliisikia ikimtekenya ulimini.

Mwavita alikuwa na kompyuta. Si hizi za kukunja mnazotembea nazo kwapani. Ilikuwa ya zamani, kioo kikubwa juu ya meza na kasha la chuma chini yake, feni ikinguruma ndani. Kwa kompyuta hiyo aliwachapia watu kadi za harusi na ratiba za maulidi. Meza yake aliiweka dirishani, penye upepo wa ziwa, na dirisha liliangalia njia. Watu wakipita huinama na kuuliza, "Mwavita, kadi zangu zimefika wapi?" Naye hujibu kwa utani, na kile kicheko kinatoka.

Hilali alirudi jioni, vidole vyake vyekundu kwa mawese, akamkuta mtu ameegemea dirisha. Siku ya pili akamkuta mwingine. Siku ya tatu akahamisha meza. Aliisukuma mpaka pembeni, kati ya kabati na ukuta, akatundika mbele yake pazia zito la kitambaa cha kushonea makochi, toka darini hadi sakafuni, ili Mwavita na kompyuta yake wakae nyuma yake. Dirisha akalifunga, akasema vumbi la njiani litaharibu mashine.

"Baba Zaituni," Mwavita alimwambia, kwani alimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa akilelewa na bibi yake, "huku nyuma mna joto."

"Utazoea," Hilali akajibu.

Mwavita hakuzoea, ila alinyamaza. Naye alijua kwamba imebaki moja.

Haikupita wiki, kompyuta ikaanza kuugua. Mwavita yumo katikati ya kadi ya mtu, mara kila kitu kinaganda. Abonyeze hiki, abonyeze kile, wapi. Kisha kioo kinakuwa cheusi, ilhali taa ya kasha inawaka na feni inanguruma. Akiizima na kuiacha kwa muda, inawaka vizuri kama haikuwahi kuumwa. Akiketi kuandika, yanarudi yaleyale. Ahadi za watu zikaanza kumwelemea, na harusi hazingoji, kwa hiyo akamwita fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Amrani, kijana mpole mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuja akabadilisha waya wa kioo. Akaja tena akachomoa vibao vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio cha shule, akavirudisha. Akaja tena akafuta kila kilichokuwamo ndani ya mashine na kukipanga upya. Mwishowe akaibeba mpaka kibandani kwake, akaiwasha, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kusinzia. Aliirudisha nyumbani kwa Mwavita, na kesho yake ikaganda.

Nyinyi wazieni Hilali anarudi kutoka kazini, ananuka mawese, anakuta viatu vya Amrani mlangoni. Viatu vya ngozi, vimepigwa rangi, vimepangwa vizuri pua zikitazama nje. Hilali aliviona viatu vile hata akifumba macho. Alimwangalia Amrani vidole vyake, akavikuta safi. Akanusa, akasikia marashi. Na Amrani kwa adabu zake humwita Mwavita "shemeji", kama vijana wote wafanyavyo, lakini neno lile lilimkereketa Hilali moyoni kama mwiba wa samaki.

Kilichommaliza kabisa ni hiki. Siku ambazo Hilali alishinda nyumbani, kompyuta haikuugua. Alikuwa akijilaza mkekani, analifunga pazia kando ili amwone mkewe, na Mwavita anaandika toka asubuhi mpaka alasiri pasipo tatizo. Siku anazokwenda kuuza mafuta yake, kwa amri yake pazia linabaki limeshushwa mpaka arudi, na siku hizohizo ndizo mashine inazima na fundi anaitwa.

"Mashine gani hii inayomjua mwenye nyumba?" Hilali alijiuliza. Jibu akapewa na wivu, maana wivu haukosi jibu: Mwavita anaizima mwenyewe ili apate sababu ya kumwita yule kijana. Basi akanunua pazia la pili, akalitundika juu ya lile la kwanza. Mashine ikazidi kuugua, Amrani akazidi kuja.

Naona mnatabasamu, mmekwisha kuelewa. Lakini nyinyi mmekaa na ungo wa mchele, hamna kinachowachoma. Mwenye wivu hulikusanya kila analoliona akaliweka upande mmoja tu wa mzani.

Siku moja Hilali alimwambia mkewe, "Nakwenda Uvinza kufuata mafuta. Nitalala hukohuko." Akatoka na madumu yake, akayaacha kwa rafiki yake, akazunguka na kurudi kwa mlango wa uani wakati Mwavita ametoka kununua sabuni. Kompyuta ilikuwa inawaka. Mwavita alikuwa ameiacha na kadi ya watu juu ya kioo, maana ikikubali kuwaka aliogopa kuizima. Hilali akapenya nyuma ya mapazia, akajikunyata chini ya meza, ubavu wake umegusana na lile kasha. Moyoni alikuwa na neno lake tayari. Akija Amrani na akisikia lolote, hata kicheko tu, atatoka na kulisema mbele yao wote wawili.

Alisikia Mwavita akirudi, akasikia maji yakimiminwa beseni uani, nguo zikianza kufuliwa. Akangoja. Kwanza jasho lilimtoka shingoni. Kisha likamtiririka mgongoni, shati likagandamana na mwili. Pumzi ikawa nzito, kichwa kikaanza kumgonga. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkewe huketi mahali hapa kila siku, na akalisikia lile neno lake mwenyewe, "Utazoea." Alitaka kulifunua pazia kidogo apate hewa, akaogopa ataonekana.

Feni ikapandisha sauti. Kasha likawa la moto mpaka akausogeza ubavu wake. Mwanga wa kioo ulikuwa umeanguka ukutani karibu naye, mweupe; alikuwa anautazama. Mara ukazimika.

Hilali akashtuka. Kule uani nguo zilikuwa bado zinafuliwa, na Mwavita anaimba kwa sauti ya chini. Hakuna mtu aliyeingia. Hakuna mkono uliogusa kitu. Akaweka kiganja juu ya lile kasha la chuma, akakiondoa upesi.

Baada ya muda Mwavita aliingia, akafunua pazia kwa juu, akakiona kioo cheusi. "Ee Mola wangu, imezima tena," alisema. Akapiga simu. "Amrani, ni mimi Mwavita. Njoo, lakini nipe nafasi kidogo kabla hujafika." Hilali aliposikia "nipe nafasi kidogo", wivu wote uliokuwa umepoa ukamrukia upya. Nafasi ya nini? Kujipamba?

Mwavita akavuta kigoda, akapanda, akaanza kuyashusha mapazia. Yakaanguka moja baada ya jingine, na chini ya meza akamwona mumewe, amelowa kama aliyetoka ziwani.

Hakupiga kelele. Alimtazama tu, kitambaa kikiwa bado mkononi.

"Hilali," alisema. Kumwita kwa jina lake haikuwa kawaida yake.

"Kwa nini unayashusha?" Ndilo pekee lililomtoka mumewe.

"Kila fundi akija nayashusha. Nayakunja nayaficha chini ya kitanda, nafungua dirisha, naivuta meza mpaka mwangani. Akiondoka narudisha kila kitu kama ulivyotaka."

"Ili iweje?"

"Ili asione!" Sauti ya Mwavita ilikatika. "Mtu wa nje aje aone mume wangu ananiweka pembeni kama kuku anayeatamia? Nimekusitiri wewe, Hilali. Mimi sikuwa na cha kusitiriwa."

Hilali alitambaa akatoka chini ya meza, hakuweza kusimama vizuri. "Imezima yenyewe," alisema taratibu. "Nilikuwepo. Hakuna aliyeigusa. Ni joto."

"Nilikwambia mna joto. Nilikwambia siku ileile ya kwanza." Mwavita akashuka kigodani. "Ulitaka mwanamume asikanyage humu. Kabla hujalitundika hili, Amrani nyumba hii alikuwa haijui hata kwa njia. Basi nani kamwita? Mimi nimepiga simu tu. Aliyemwita ni pazia lako."

Mwavita akayasukuma mapazia kwa mguu.

"Na hilo neno lako la mwisho, kama umekuja nalo, liseme sasa nikakunje nguo zangu. Nyuma ya pazia hili sirudi, uniache au usiniache."

Hapo hapo sauti ikasikika mlangoni. "Hodi wenyewe! Shemeji, nimefika."

Hilali alisikia lile "shemeji". Viatu vilikuwa vinavuliwa, alivisikia kimoja, kisha cha pili. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, hamwombi kitu, anangoja tu. Neno lilikuwa limefika ulimini kabisa, akafungua kinywa.

"Karibu, fundi," alisema. "Pita ndani. Nishikie meza hii upande wa pili, inarudi dirishani."

Amrani aliingia, akamwona mwenye nyumba amelowa, akayaona mapazia sakafuni, akayainamisha macho. Wakaibeba meza. Alipolifungua kasha alikuta feni imeshikwa na vumbi lililokuwa limeshonana kama pamba, akalitoa kwa brashi ya kupakia rangi.

"Hii nayo inataka hewa kama sisi," alisema. "Ilikuwa inakaa wapi siku zote?"

Mwavita aligeukia dirisha, akanyamaza. Hata siku ile alikuwa bado anamsitiri. Hilali akainua mkono, akaonyesha ile pembe kati ya kabati na ukuta.

"Pale," alisema. "Nyuma ya mapazia hayo. Niliyeiweka pale ni mimi."

Kompyuta ilifanya kazi mpaka magharibi, na kesho yake, na mwezi uliofuata. Amrani hakuitwa tena. Mara ya mwisho viatu vyake kuonekana pale mlangoni vilikuwa kando ya viatu vya mchumba wake. Walikuja kuchagua kadi.

Msidhani wivu ulimtoka Hilali. Alizoea kuketi barazani chini ya lile dirisha, akimkodolea macho kila mpita njia anayesimama kuuliza kadi zake. Uso ukianza kumbadilika, Mwavita huita kwa sauti kutoka ndani, "Baba Zaituni, nikuletee pazia?" Barazani watu wakicheka, naye mwishowe akacheka nao. Uzeeni akawa anaisimulia mwenyewe kila harusi, jinsi alivyotokwa jasho chini ya meza, ndiyo maana nayajua ya moyoni mwake. Ile talaka ya tatu haikutoka. Alikufa nayo, Mungu amrehemu, na mkono uliomfumba macho ulikuwa wa Mwavita.

Sasa mmoja wenu ainuke akamwite Idi. Mwambieni amrudishie mwenzake simu. Mpaka leo hii waliokuwa wakimpigia ni shangazi zake tu, kuulizia rangi ya sare. Akiendelea kuificha, huyo binti atatafuta wa kumlilia, na huyo atakayepatikana, Idi ndiye atakayekuwa amemleta kwa mkono wake. Pazia la wivu humwita mgeni.