Picha ya Kiti Kitupu

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno la leo nataka niwape habari ya mpiga picha mmoja. Nawaomba msiisikilize kwa kutabasamu, maana mimi mwenyewe imenikera tangu nilipoanza kuitafakari, na nikimaliza nataka iwakere na ninyi.

Mtu huyu alikuwa na studio katika mji mdogo, mkabala na posta. Studio aliirithi kwa baba yake, pamoja na pazia jeupe, kiti cheusi chenye mgongo mrefu unaopita kichwa cha mtu, na kamera ya mkanda yenye lenzi iliyosifiwa mji mzima. Lenzi hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Ilipiga maharusi kwa miaka mingi, ikapiga wachungaji, ikapiga marehemu kabla hawajawa marehemu. Ukiingia nyumba yoyote ya mji ule, picha iliyotundikwa sebuleni imetoka pale. Na yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele, akisema neno limesemwa.

Sasa mnakumbuka miaka ile mikanda ya picha ilipoanza kuadimika madukani. Simu zetu zilikuwa za kupigia tu, na iliyojitahidi sana ilikuwa na tochi. Wapiga picha wakahamia kamera za dijitali. Na huyu naye akahama, ila alihama nusu. Kamera mpya alinunua, lenzi mpya akaikataa. Akatafuta ringi ya kuunganishia, akaichukua lenzi ya baba yake, akaifunga kwenye kamera ya kisasa. Wenzake wakamwambia kwamba lenzi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mkanda. Akawajibu kuwa kioo ni kioo, na kwamba lenzi iliyompiga baba askofu haina cha kujifunza kwa mtu.

Picha zikaanza kutoka na kasoro. Katikati ya picha palitokea ukungu mweupe, kama vile mtu amepumulia kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Akija mtu anatoka jasho, anaambiwa ni jasho. Akija mwalimu, anaambiwa amezidisha mafuta ya nazi. Mwenye kipara akaambiwa ni kipara chake, na huyo maskini hakuwa na la kujitetea. Wengine walipewa poda wajipake, wakajipaka, na ukungu ukabaki palepale. Kila mtu akatoka studio ile akiamini uso wake ndio wenye shida. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa, "Ngoja kidogo, na mimi niitazame kamera yangu."

Je, alikuwa haoni? Alikuwa anaona. Mara nyingine aliitazama picha, moyo ukamcheza, akanyoosha mkono kuifungua ile ringi. Halafu akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akiifuta lenzi ile kwa kitambaa laini, polepole, kila jioni, na mkono ukarudi. Aliona kuishuku lenzi ni kama kumshuku baba yake kaburini. Hapo namwelewa. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Palikuwa na binti mmoja pale mjini, mshona sare za shule, mwimbaji wa kwaya. Akaposwa na kijana anayefanya kazi mkoa wa mbali. Mama wa kijana alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kusafiri, akaomba aletewe picha amwone mkwe wake kabla mambo ya mahari hayajazungumzwa. Ni ombi la heshima, na ni desturi yetu. Binti akavaa gauni lake la Pasaka, akaenda studio, akakaa kwenye kile kiti kirefu mbele ya pazia jeupe, taa zikawashwa, akapigwa. Picha ikasafishwa, ikatiwa kwenye bahasha, akakabidhiwa mshenga aliyekuwa anawahi safari. Binti mwenyewe hakuiona. Mpiga picha aliiona, akaona ukungu umekaa juu ya pua na mashavu, akajisemea moyoni kwamba binti aling'aa kidogo, basi, akaifunga bahasha.

Picha ikafika ukweni. Mama akavaa miwani, mashangazi wakamzunguka. Wakaona shingo nyeusi, mikono myeusi, na katikati ya uso weupe usioeleweka. Shangazi mmoja akasema ni mkorogo, binti anajichubua. Mwingine akasema ni ugonjwa, wanaficha. Yule mama alikuwa mtu mwema, hakutaka kumhukumu mtoto wa watu, akasema waulizeni. Mshenga akarudi na swali. Na hakumuuliza binti, ambaye angeweza kumtazama usoni bure kabisa. Alikwenda kwa mzee wa kanisa, mwenye studio. Akamwambia, "Mzee, sisi tunakuamini wewe. Hili doa ni la picha, au ni la uso?"

Naomba hapa tusimame.

Yule mzee alimfahamu binti tangu siku ya ubatizo wake. Jumapili iliyotangulia alipita mbele yake na kwaya, karibu kama nilivyo karibu na benchi hili. Uso ule hauna doa, na alijua hauna. Kilichotakiwa ni kutamka maneno mawili tu. Lakini kusema doa ni la picha ni kusema kuna kitu kwenye lenzi, na kusema hivyo ni kukubali kwamba kumbe wale wote waliofutwa jasho na kupakwa poda walionewa. Ndugu zangu, kati ya uso wa mtoto aliye hai na kioo cha baba yake, mzee yule alichagua kioo. Akamjibu mshenga, "Lenzi yangu haijawahi kuongeza kitu kisichokuwepo."

Basi. Hakutukana, hakusingizia, hata jina la binti hakulitaja. Ni sisi tunaojua kuua kwa lugha ya namna hiyo, lugha safi, ya watu wenye adabu. Neno likasafiri, na posa ikavunjwa, kwa heshima zote, na salamu zikatumwa. Pale mjini wanawake wakaanza kuutazama uso wa binti na kuulinganisha na viganja vyake. Wateja walioleta vitambaa wakawa wanaviweka mezani bila kumgusa mkono. Mwenyewe akafika mahali pa kusimama mbele ya kioo asubuhi na kujisugua shavu kwa kidole, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Siku moja mchana akafunga cherehani yake, akaenda studio. Akamwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu. Mzee akadhani amekuja kupiga nyingine, akawasha taa, akamwonyesha kiti.

Binti akasema, "Leo sikai, mzee. Nipigie kiti."

"Kiti?"

"Kiti kitupu. Kipige kama ulivyonipiga mimi, taa zilezile, na kamera mahali palepale."

Mzee akakasirika. Akamuuliza tangu lini watoto wa kanisani wamekuwa wakiwajaribu wazee wao. Binti hakupandisha sauti. Akamwambia, "Mimi nimeshajaribiwa, mzee. Sasa ni zamu ya kiti."

Akapiga, ili tu binti aondoke. Akageuza kamera atazame. Pale kwenye mgongo wa kiti, juu ya mbao nyeusi, kwenye kimo kilekile cha uso wa mtu aliyeketi, ukungu ulikuwa umekaa umetulia. Mtu hayupo. Jasho hakuna, mafuta hakuna, kipara hakuna. Binti akasogea akatazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona doa lenyewe.

Akauliza, "Na kiti nacho kinajichubua?"

Mzee akaketi. Aliona aibu, na aibu ilikuwa ya kweli. Akaanza kuahidi: atanunua lenzi mpya, atampiga picha nyingine nzuri, bure, kubwa, ya fremu. Binti akamjibu, "Picha siitaki, mzee. Neno lako lilikwenda mpaka kwa mama yule. Nataka ulifuate, ulirudishe wewe mwenyewe."

Mzee akaahidi kwamba atakwenda. Lakini kwanza akaipeleka lenzi kwa fundi wa mji mkubwa, kwa sababu ilimuuma. Fundi akaichunguza akamwambia lenzi ni nzima, haina ufa wala ukungu wa ndani. Shida yake ni mgongo. Kioo cha mbele kimepakwa dawa nyembamba, inayozuia mwanga wa nje usirukeruke. Kioo cha nyuma hawakukipaka vizuri, maana enzi zile hapakuwa na haja. Nyuma yake palikaa mkanda, na mkanda haung'ai. Mwanga ukifika pale unazama, unanyamaza. Lakini ndani ya kamera hizi mpya, mahali pa mkanda, pamewekwa kibati kinachong'aa. Kibati kikipewa mwanga, mwingine kinaupokea na mwingine kinaurudisha. Ule unaorudishwa unaupiga mgongo wa lenzi, mgongo hauna dawa, unautupa tena mbele, na huko ndiko linakotoka doa. Lenzi zilizotengenezwa kwa kamera hizi zinapakwa dawa nyuma kama zilivyopakwa mbele, kwa sababu aliyezitengeneza alijua kwamba aliye nyuma safari hii atajibu.

Mnataka kujua mwisho wake? Lenzi mpya ilinunuliwa mwezi uleule. Picha za studio ile sasa ni safi kabisa, watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kupigwa pale. Ukweni mzee hakwenda. Kwanza alisema ana aibu, baadaye akasema safari ni ndefu, baadaye akasema mambo yale yamepita, binti atapata mwingine, kwa nini tufukue. Kioo kilibadilishwa, neno halikurudishwa, na mtoto wa watu anaendelea kutembea na doa la kamera ya mtu mwingine.

Naona mmekunja nyuso. Mama mmoja pale anatikisa kichwa, anamsikitikia binti. Vizuri. Mumchukie mzee yule kidogo, ruhusa nawapa, kisha tugeuke tujitazame.

Sisi ni watu tuliopakwa dawa mbele. Akija mgeni, sisi ni wapole. Mbele ya mkuu wa wilaya, mbele ya usharika wa jirani, hatuyumbi, hatuwaki, maneno yanatutoka kwa kipimo. Lakini mgongo wetu, ule unaotazamana na watoto wetu na wake zetu na vijana wetu wa kwaya, nani aliwahi kuupaka kitu? Hatukuona haja. Kwa miaka mingi waliokaa nyuma yetu walimeza. Tuliwaambia, wakanyamaza, na sisi ukimya wao tukauita adabu. Tukaamini ya kwamba macho yetu ni mazuri, kumbe tulikuwa tunatazama mbele ya watu wasiojibu.

Leo wamejibu. Na tukaona doa, na tukasema liko usoni kwao.

Nisizunguke. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wetu hapahapa, vijana walisimama wakatuuliza swali moja. Walituuliza kwa nini binti aliyepata mimba amesimamishwa kwaya, na kijana aliyempa mimba hiyo bado anapiga kinanda kila Jumapili. Waliuliza kwa sauti ya chini na mikono nyuma. Tukawajibu nini? Tulijibu kwamba kizazi hiki kina kiburi. Tulisema redio zimewaharibu. Mmoja wetu akasema wapimwe imani. Hakuna aliyesema, jamani, hebu liondoeni jina la huyu binti, waondoeni na hawa vijana, tulitazame jambo lenyewe likiwa tupu, tuone kama ubaya unabaki palepale. Ungebaki. Mnajua ungebaki, na mimi najua, na mpiga kinanda anajua, ndiyo maana ameinamisha kichwa sasa hivi.

Naomba tusije tukaitisha kikao, tukabadilisha kanuni, tukapongezana kwa kuwa na kanuni safi, tukaenda nyumbani kula. Kanuni tutaibadilisha, na ni haki tuibadilishe. Lakini kuna neno lilitoka kwetu likafika kwa mtu, na neno hilo halirudi kwa kubadilisha kanuni.

Binti tuliyemsimamisha kwaya hayupo hapa asubuhi hii. Hajaja tangu siku ile, na tunajua sote anakaa wapi, nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya bati jekundu. Kwa hiyo leo baada ya baraka sitasimama mlangoni kupokea mikono yenu. Nitakuwa nimeshatangulia kwao. Anayetaka kunipa mkono anikute huko, na amsalimie yeye kwanza.