Gundi Iliyolala

Bwana Mwinjaka alikuwa na mifuko miwili ya gundi ya vigae: mmoja mpya, alioufungia stoo kwa kufuli, na mwingine kiporo, uliokwisha muda wake tangu mwaka juzi. Kwa bafu lake jipya, akampa fundi Kidawa kile kiporo.

“Hii haishiki tena, bosi.”

“Tumia hiyo hiyo! Atakayeangusha kigae changu atakilipa.”

“Yeyote yule?”

“Yeyote!”

“Haya. Ila gundi iliyolala huamshwa na joto la mwenyewe. Hebu kandamiza hapa.”

Mwinjaka akakandamiza kigae ukutani kwa mkono wa kulia. Kidawa akamwekea cha pili mkono wa kushoto, cha tatu kwenye paji la uso, cha nne kwenye kitambi.

“Bado haijaamka?”

“Bado. Ukiachia, umeangusha wewe.”

Adhuhuri ikapita. Pilau ikanukia jikoni. Nzi akatua puani mwake.

“Kidawa, chukua ile mpya! Ufunguo umo mfukoni mwangu, toa mwenyewe!”

Kidawa akafungua stoo, akakoroga gundi mpya, akabandika vigae ukuta mzima akimzunguka.

“Na mimi je?”

“Tulia hapo hapo, bosi,” alisema Kidawa, akinawa mikono ale pilau. “Hivyo vinne ni vya gundi yako.”